Oili Niliyoweka Kwenye Gari la Mama Zubeda

Siku hizi sikai. Mke wangu alinunua kiti cha kulalia, akakiweka barazani kwetu hapa Manundu, akaniambia kazi nimeshafanya, sasa nipumzike. Nakaa dakika tano. Linapita gari la dizeli, nami nimeshasimama. Hili linakula oili. Lile nozeli yake moja haipulizi vizuri. Dereva yule analazimisha gia ya tatu mahali panapotaka ya pili. Nakwenda hadi barabarani, natazama moshi, narudi, nakaa, linapita jingine. Mke wangu anasema nina sisimizi miguuni. Labda. Nimefanya kazi ya ufundi miaka thelathini na kitu, na mwili haujaamini kwamba imekwisha.

Nawaandikia ninyi vijana mliofungua gereji miaka hii, kati ya hapa Korogwe na Handeni. Mnapita, mnaniamkia vizuri, kisha mnaniuliza swali lile lile: fundi, gari la dizeli lililotembea sana tuliwekee oili gani? Mnataka namba. Mkishapata namba mnaiandika kwenye simu, mnaondoka. Namba nitawapa, msiwe na wasiwasi. Ila mimi niliua injini ya mtu wakati nazijua namba zote, tena nikiwa na cheti chake ukutani. Ndiyo maana nataka mkae kidogo kabla ya kuondoka, hata kama mimi mwenyewe kukaa kumenishinda.

Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la katani. Baba alitoka Songea kuja kukata mkonge, akabaki. Mimi mkonge uliniogopesha tangu utotoni kwa ile miiba ya ncha, nikawa nakimbilia karakana ya shamba, mahali palipokuwa na matrekta, hadi wakachoka kunifukuza wakaniandika kazi. Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Semboja, Mzigua wa Handeni, mtu mfupi asiyepandisha sauti. Alifunga vifungo vya ovaroli hadi shingoni hata jua likiwa la kuunguza. Ufundi wangu wote umetoka kwake. Cheti ndicho kilichotoka kwingine.

Yeye oili aliishika kwanza, ndipo aitazame. Anachomoa kijiti cha kupimia, anapaka tone kati ya kidole gumba na cha shahada, anasugua taratibu kama mtu anayejaribu kitambaa. Ikiwa na mchanga mchanga, kuna chuma kinachosagika. Ikiwa inateleza kama maji, ananusa, na mara nyingi atakwambia kuna dizeli imeingia, nozeli inavuja. Kisha anadondosha tone kwenye ukingo wa gazeti kuukuu na kwenda kunywa chai. Akirudi anasoma lile doa: katikati pakiwa peusi tii kama lami na hapajatambaa kwenda popote, oili imekufa. Likiwa limetambaa vizuri, rangi ikififia kuelekea nje, bado ina maisha. Rangi peke yake hakuijali. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi siku ile ile unayoiweka, hasa kwenye injini kongwe, kwa sababu inabeba masizi, na kubeba masizi ni kazi yake. Nimeona vijana wakimwaga oili nzima kabisa kwa kuwa ni nyeusi, na wakiacha oili iliyokufa kwa kuwa bado ina rangi ya asali. Hii ya pili, kwenye dizeli, ingefaa iwatie hofu kuliko ya kwanza.

Kosa langu la kwanza kubwa lilitokea pale pale karakana. Nilimwaga oili ya trekta, nikaweka mpya, nikapitisha alama ya juu kwenye kijiti. Niliona oili nyingi ni usalama zaidi. Nikawasha. Dakika chache injini ikaanza kupanda yenyewe, mlio ukawa mkali, moshi wa buluu ukajaa karakana. Nikavuta waya wa kuzimia, haikuzima. Nikafunga dizeli, haikuzima. Ilikuwa imeanza kunywa oili yake yenyewe kupitia njia ya hewa, na dizeli ikishapata cha kuchoma haiulizi kimetoka wapi. Watu wakatoka nje mbio. Mzee Semboja akaja anatembea, akachukua gunia la katani, akalikunja mara nne, akaliweka kwenye mdomo wa hewa, akalikandamiza kwa ubao na kuuegemea kwa bega. Injini ikakoroma, ikakosa pumzi, ikafa. Hakutumia mkono, na ninyi msitumie, injini ikiwa katika hali ile inavuta vibaya. Hakunikaripia. Alinipa kijiti akaniambia nipime oili ya kila trekta lililokuwa uwanjani, nimletee jibu la kila moja. Nilizunguka uwanja ule mpaka jioni. Hadi leo nikipita karibu na gari lenye boneti wazi, mkono wangu unakitafuta kijiti wenyewe.

Shamba lilipopunguza watu nilitoka, nikafungua gereji yangu hapa Manundu. Ilikwenda vizuri. Magari yalianza kubadilika, yakaja ya kompyuta, yakaja ya vichujio kwenye bomba la moshi, nami nikawa sitaki kuachwa nyuma. Wauzaji wa oili walipoitisha semina Tanga, nilikuwa wa kwanza kupanda basi. Tulifundishwa siku mbili. Walichosema kilikuwa kweli: injini mpya nafasi zake ni nyembamba, zinataka oili nyepesi, inayofika juu haraka, isiyoacha majivu. Tulipewa kofia na cheti. Nilirudi Korogwe kichwa kikiwa kimejaa, nikijiona nimevuka. Nikaagiza katoni za oili nyepesi, zile ambazo kwenye galoni utaona 5W-30, nikazipanga mahali mteja akiingia anaziona.

Wiki ile ile akaja Mama Zubeda.

Mama Zubeda alikuwa mjane wa upande wa Handeni, mtu wa makamo, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Mumewe, marehemu Mhando, alimwachia pikapu ya dizeli ambayo mita ya kilomita ilikuwa imesimama siku nyingi, hakuna aliyejua imetembea kiasi gani. Alijifunza kuendesha baada ya msiba, akiwa mtu mzima, watu wakimcheka, na aliendesha vizuri kuliko wengi waliomcheka. Msimu wa machungwa ndiye aliyekusanya ya kijiji kizima na kuyaleta Korogwe kwa wanunuzi wenye malori. Asubuhi ile alikuwa amekuja kumwaga oili kabla ya kazi kuanza. Machungwa yalikuwa yameshachumwa tangu jana yake, yamerundikwa chini ya miti. Lori la mnunuzi lilikuwa limeshafika Korogwe, na mnunuzi alikuwa amewaambia atangoja hadi jioni.

Alikuja na galoni lake, limebaki nusu. Ilikuwa oili nzito aliyoiacha marehemu, ambaye kazi ile aliifanya mwenyewe nyumbani. Mama Zubeda akaniuliza kama tusingeweka aina ile ile. Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni ya matrekta, mama, dunia imekwenda mbele, nitakuwekea ya kisasa, gari litakuwa jepesi, litakula mafuta kidogo. Sikumuuliza gari limekuwa likitumia nini miaka yote, wala kama injini imewahi kufunguliwa, wala anabeba mzigo gani, wala anapita milima gani. Maswali yote hayo Mzee Semboja alinifundisha. Nilikuwa na haraka ya kutumia nilichojifunza majuzi.

Tukaweka. Nikabadilisha filta. Akawasha, na kweli, injini ikawa laini, ule mgongano wa asubuhi ukapungua. Nilijisifu moyoni. Tukaiacha ipate moto. Ilipokwishapata, akiwa kwenye usukani, Mama Zubeda akaniita. Taa ya oili ilikuwa inamweka. Akikanyaga mafuta inazimika, akiachia inamweka tena.

Akaniuliza kama ile taa si mbaya.

Wanangu, ukutani nyuma yangu ilikuwa inaning'inia geji ya presha. Unafungua sensa, unafunga geji mahali pake, unasoma. Ni kazi ya dakika kumi. Lakini nilikuwa na gari jingine juu ya jeki, na nilikuwa nimeshasema dunia imekwenda mbele. Nikamwambia ni sensa tu, imezeeka, asiijali, akirudi nitambadilishia. Alinitazama kidogo, akaniamini, akaingiza gia. Alikuwa apitie sokoni kununua kamba na magunia, kisha aende zake Handeni.

Haikupita hata saa moja akaingia Mzee Semboja. Alikuwa ameshastaafu, na akija Korogwe kwa shughuli zake hupita kukaa kwangu kwenye boksi la spana, anywe chai, atazame kazi bila kusema kitu. Siku ile alitazama galoni tupu zilizokuwa chini, akaokota moja, akasoma pembeni kwa kuisogeza mbali na macho. Akaniuliza nimeiweka kwenye gari gani. Nikamwambia pikapu ya marehemu Mhando.

"Injini ile tuliifungua mimi na Mhando," akasema. "Krenki yake imeshachongwa mara mbili. Nafasi zake ni kubwa. Taa haikuwaka?"

Nikamwambia iliwaka injini ilipokwishapata moto, ikiwa inanguruma taratibu.

"Ukamwambia nini?"

Nikageuka nikaitazama ile geji ukutani. Aliweka galoni chini polepole, akaniangalia mikono, si uso. Ndipo nilipoielewa vizuri hali yenyewe. Injini iliyochoka, nafasi kati ya krenki inayozunguka na beringi zinazoishika zimepanuka. Oili nzito inakaa pale, inaibeba krenki. Nyepesi inapata moto, inakuwa kama maji, inakimbia kwenye mianya ile, presha inaanguka, chuma kinagusa chuma. Taa ilikuwa inasema hivyo hivyo, waziwazi. Na mimi nilikuwa nimemwambia mwenye gari asiitazame.

Nikapiga simu yake. Haipatikani. Nikapiga tena nikiwa navaa viatu, nikapiga nikiwa nafunga galoni la oili nzito nyuma ya pikipiki yangu kwa mpira. Nilifikiri nikimpata kabla hajapanda vilima, namwaga pale pale kando ya barabara, naweka nyingine, hapatakuwa na neno. Nilipita sokoni, nikaambiwa ameondoka muda mfupi uliopita. Nikashika njia ya Handeni.

Sijawahi kuendesha vile, na sitaki yeyote kati yenu aendeshe vile. Kila pikapu iliyotokea mbele niliona ni yake. Nilipita mashamba ya mkonge nilikokulia bila kuyaona. Kila baada ya kitambo nasimama, napiga simu, natega sikio, naondoka kabla ile sauti ya kusema haipatikani haijamaliza kuongea. Kichwani nilikuwa nahesabu: hapa ni tambarare, hapa hana mzigo, hapa injini inavumilia, labda amesimama kunywa maji, labda taa imemtia wasiwasi akazima. Niliomba asiwe ameniamini. Sikujua kama fundi anaweza kuomba kitu cha namna hiyo, lakini ndicho nilichoomba.

Sindeni nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchoma. Akasema pikapu ya Mama Zubeda imepita, wanamfahamu, ila leo gari lake linagonga kama mtu anatwanga. Nikamuuliza imepita lini. Akanionyesha muhogo uliokuwa kwenye makaa, akasema nilikuwa nauweka huu. Ulikuwa umeiva upande mmoja.

Nilimkuta mbele, mahali barabara inapopandisha. Gari lilikuwa limesogezwa pembeni, mlango wazi. Yeye amekaa kwenye magunia yake mapya chini ya kivuli kidogo, amejifunika kanga kichwani kwa jua. Alishangaa kuniona. Akaniuliza nimejuaje kama gari limeharibika. Nilimwamkia, nikaenda moja kwa moja kufungua boneti, kwa kuwa kufungua boneti ni rahisi kuliko kujibu. Oili ilikuwepo, imejaa sawasawa kwenye alama. Nikaweka spana kwenye nati ya puli ya mbele, nikavuta ili krenki izunguke. Haikuzunguka. Nikavuta kwa uzito wangu wote. Ilikuwa kama nimefunga spana kwenye mwamba.

Imenoki. Sikuhitaji kufungua ili nijue.

Niliendelea kushika shika vitu pale, waya hii, kifuniko kile, mikono haikubali kutulia. Mama Zubeda alikuja akasimama kando yangu. Akanieleza kwamba taa ilianza kumweka kabla ya Sindeni, kisha ikawaka moja kwa moja, naye akakumbuka nilivyosema akaendelea. Halafu ukaja mlio, halafu gari likakata nguvu. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anaeleza tu kama mgonjwa anavyomweleza daktari.

Kisha akasema, "Gari limezeeka tu, eti fundi? Mhando mwenyewe alikuwa akisema halitamaliza msimu."

Alinifungulia mlango mpana kabisa. Hakujua kama ananifungulia. Ningesema ndiyo, mama, limezeeka, na ingekuwa nusu ya kweli. Hakuna mtu barabarani pale ambaye angejua. Mzee Semboja asingenisemea vibaya popote. Nilikuwa na jina Korogwe nzima, nilikuwa na cheti. Nilikifuta kijiti, nikakirudisha, nikakichomoa tena, muda ambao mpaka leo naona ni mrefu mno kwa mtu mwenye nia njema. Lori la mchanga likapita, likatupuliza vumbi, nikafunga boneti.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ni mimi. Oili niliyoweka haikuwa ya injini hii. Na ile taa ilikuwa inasema kweli."

Alinitazama. Hakupandisha sauti.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema. Akarudi kwenye magunia yake akakaa, akanigeuzia mgongo.

Hakuongea nami tena mpaka jioni. Nami sikuwa na muda wa kungoja aongee, kwa sababu machungwa yalikuwa kijijini na lori lilikuwa Korogwe. Nilisogea pembeni nikaanza kupiga simu. Wa kwanza hakuwa na gari karibu, wa pili alikuwa safarini. Wa tatu, mteja wangu wa pale Handeni mjini mwenye lori dogo, akasema atakuja akishusha saruji. Nikamrudia kila baada ya muda mfupi hadi akaniambia fundi, ukinipigia simu mimi siendeshi. Nikawa natembea mbele ya ile pikapu iliyokufa, kwenda na kurudi, Mama Zubeda akiwa amenipa mgongo vile vile.

Lori lilipofika tukapanda, tukaenda kijijini. Watu walikuwa wamekaa kando ya marundo yao tangu asubuhi. Mzee mmoja akauliza mbona tumechelewa na pikapu iko wapi. Mama Zubeda alishuka, akaanza kugawa magunia. Nikaona ameniachia mimi. Nikawaeleza wote pale, kwa sauti ya kusikika, kwamba pikapu imenoki njiani na mimi ndiye niliyesababisha, nikataja na kwa nini. Yule mzee akaniuliza, ina maana wewe ndiye fundi? Nikasema ndiye. Akafikiri kidogo, akanipa mdomo wa gunia, akasema basi shika hapa. Nilishika magunia hadi mkono wa kulia ukafa ganzi.

Tulifika Korogwe jua likiwa limeshaegemea milima. Mnunuzi alikuwa amengoja, lakini si kwa mikono mitupu. Nusu ya lori lake alishajaza machungwa ya watu wengine. Ya kwetu yaliingia yaliyoingia. Yaliyobaki yaliuzwa kando ya barabara siku zilizofuata, na mengine yalioza. Nimewahi kuona injini nyingi zilizokufa, zikanisikitisha kama fundi. Harufu ya machungwa yanayooza kwenye gunia nililolishona mwenyewe ilikuwa kitu kingine.

Pikapu tuliivuta hadi Manundu. Nikaishusha injini mwenyewe, gharama zikiwa juu yangu, na Mzee Semboja akaja kila siku kukaa kwenye boksi lake. Beringi za kondrodi zilikuwa zimeyeyuka, zimeshikana na krenki. Tuliipeleka krenki Tanga kuchongwa. Ilikuwa inakaribia mwisho wake wa kuchongwa, fundi wa mashine akatuambia hii ndiyo mara ya mwisho. Tulipoanza kuirudisha, mzee alipima kila nafasi kwa mikono yake, ingawa macho yalikuwa yameanza kumwacha na ilibidi mimi nimsomee vipimo. Nilingoja anikaripie. Siku nyingi. Hatimaye nikamwambia mwenyewe, mzee, sema. Alikuwa anafuta beringi kwa kitambaa.

"Oili nyepesi hata mimi nimeshawahi kuweka kwa makosa," akasema. "Ila mwenye gari akiniambia taa inawaka, nazima gari. Hata kama najua ni sensa."

Hilo tu. Akaendelea kufuta.

Basi sasa namba, maana najua simu zenu ziko tayari. Gari la dizeli lililotembea sana, hapa kwetu kwenye joto, anzia 15W-40. Inafika juu upesi asubuhi na haikimbii injini ikipata moto. Likiwa linakula oili sana na linafanya kazi tambarare, unaweza kupanda hadi 20W-50, lakini ujue asubuhi ya baridi huko milimani itachelewa kufika, kwa hiyo mwambie mwenye gari asiikanyage ikiwa baridi. Nyuma ya galoni tafuta herufi C, hiyo ndiyo ya dizeli; yenye S peke yake ni ya petroli, iache. Gari jipya lenye kichujio kwenye bomba la moshi lina oili yake iliyoandikwa kwenye kitabu, na hapo yale ya semina ni sahihi kabisa. Msinielewe vibaya mkaenda kuua na mapya. Injini ambayo haijamwagwa oili miaka, ukiipa oili nzuri yenye sabuni nyingi, itavua uchafu wote kwa mara moja na kuuziba mdomo wa pampu. Imwage mapema, kisha uimwage tena mapema, ndipo uiamini. Nunueni kwa mtu mnayemjua, kifuniko kikiwa hakijafunguliwa, na galoni tupu zitoboeni kabla ya kuzitupa, kwa kuwa wapo wanaozijaza uchafu na kuzirudisha sokoni. Msipitishe alama kwenye kijiti. Na taa ikimweka, fungeni geji. Siku hizi mna mashine za kuchomeka na kusoma kwenye simu, vizuri sana, lakini geji bado inafungwa kwa dakika kumi.

Nyingine yote iko kwa mwenye gari, na haiandikwi kwenye galoni. Yeye ndiye analala na gari lile. Anajua lililia lini na lilinyamaza lini.

Mama Zubeda alikuja kulichukua gari lake asubuhi. Nilimwambia nimeweka nini na kwa nini. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akachukua kalamu ya rangi aliyokuja nayo, akaandika 15W-40 ndani ya mlango wa dereva kwa herufi kubwa, akanionyesha, akauliza kama amepata sawa. Nikamwambia ni sawa. Akawasha, akaliacha lipate moto, akakaa kwenye usukani akiitazama ile taa kwa muda mrefu bila kupepesa. Haikumweka. Akasema asante, fundi, akaondoka.

Hakurudi tena kwangu. Nilisikia anamwagiwa oili na fundi mmoja wa Handeni, na nilipokutana na gari lake barabarani nilitega sikio, likawa linanguruma vizuri, anayelishughulikia anajua kazi. Ningetaka arudi. Sijui ningemwambia nini, lakini miezi ile kila pikapu iliyopunguza mwendo mbele ya gereji ilinitoa chini ya gari nililokuwa nalo.

Halafu siku moja ikaingia pikapu nyingine ya dizeli, kongwe zaidi, imejaa matope. Akashuka mwanamume nisiyemjua, kanzu yake ameikunja hadi magotini. Tukasalimiana. Akasema ametoka Handeni, gari lake linatoa moshi, na ameelekezwa kwangu na Mama Zubeda.

Nilimuuliza kama ana hakika. Mama Zubeda alimwambia nini hasa?

"Alisema nije kwako," akajibu, "kwa sababu wewe ukiharibu, utasema."

Alisema hivyo bila kutabasamu, kama mtu anayetoa ujumbe aliopewa. Sikujua kama ni sifa au ni tusi, na nimeshazunguka na neno lile miaka mingi sasa, barazani hadi barabarani, barabarani hadi barazani, bado sijui. Wamekuja wengine kwa neno lile lile. Siku ile niliifuta mikono, nikaiweka spana juu ya boksi, nikamvutia mgeni kiti, nikamuuliza gari lake limekuwa likinywa oili gani.